Bomba Lisilo na Mkuki

Siku ya kufungua laini mpya ya mvuke pale Ntulanga walinivika nguo nyeupe kama desturi inavyotaka, wakanipa kiti chenye mto na chupa ya maji, kisha wakanisahau. Sikulalamika. Kwa miaka kumi na moja hiyo ndiyo imekuwa kazi yangu: kuvaa nyeupe, kukaa, na kusubiri niitwe. Nikiitwa, nasimama, naweka kiganja juu ya bomba la kwanza, nasema maneno manne mbele ya Msajili wa Amana: "Jicho ni langu. Nathibitisha." Vali inafunguliwa, watu wanapiga makofi, na mimi napelekwa nyumbani na sahani ya pilau iliyofunikwa kwa foili.

Ndivyo tunavyoishi sisi tulioweka ujuzi wetu amana. Mashine inakaa nawe miezi saba, imevaa macho yako, inatazama unachotazama mpaka ijue unachojua. Siku ya mwisho unakabidhi zana. Kuanzia hapo sheria haikuruhusu kushika tena kazi hiyo wala kumfundisha mtu, kwa sababu ujuzi mmoja hauwezi kuwa na vinywa viwili. Mimi nilikuwa msoma cheche. Chuma kikiguswa na jiwe la grainda kinatoa cheche, kila aina kwa namna yake, na mimi nilikuwa naziangalia na kusema hiki ni chuma gani. Sasa mashine iliyojifunza kwangu, Jicho la Tusekile, ndiyo inayopima chuma kwenye vituo tisa vya mvuke kuanzia Rungwe hadi mpakani, na Tusekile mwenyewe yuko kwenye kiti chenye mto. Kuna shule moja wanafundisha watoto wimbo wenye jina langu. Sijawahi kuupenda, lakini siku wasipouimba nadhani nitaumia.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, Juni, baridi ya kukunja vidole. Turubai la wageni lilikuwa bado tupu. Hatua kama ishirini kutoka nilipokaa, Lugano, yule mchomeleaji mwanamke wa kituo, alikuwa anakata kipande cha bomba kwa grainda. Cheche zilikuwa zinamwagika miguuni pake.

Nilizitazama kwa sababu zilikuwa mbele ya macho yangu, na macho hayana mlango. Zikanikera. Nikakaza macho, nikazitazama vizuri.

"Lugano," nikaita. "Hicho kipande umekitoa wapi?"

Alizima grainda, akapandisha miwani. "Shikamoo, Mama. Ni baki la laini yetu. Wamesema stendi ya utepe itengenezwe kwa bomba lilelile, itapendeza kwenye picha."

"Marahaba. Hebu kata tena."

"Mama, wewe huruhusiwi kusoma."

"Nani anasoma? Nimekaa hapa na mto wangu. Wewe kata."

Alinitazama kwa jicho la pembeni, akawasha. Cheche zilitoka ndefu na nyeupe, na kila mstari ulipofika mwisho ulipasuka nyota, nyota juu ya nyota, nzuri za kushangilia sikukuu. Hicho ni chuma cha kawaida. Chuma chenye molibdeni, madini ya kustahimili joto ambayo bomba la mvuke lazima liwe nayo, hakifanyi hivyo. Nyota zake ni chache, na mwishoni kabisa mwa mstari, baada ya nafasi ndogo ya giza, kunakuwa na kichembe cha rangi ya chungwa kilichojitenga peke yake, kimechongoka. Sisi tulikiita mkuki. Ukiona mkuki, unajua moli imo. Nilitafuta mkuki kwenye cheche za Lugano mpaka machozi yakanitoka, na sikuona hata mmoja.

"Zima," nikamwambia. "Kamwite Injinia. Mwambie Mama anamhitaji sasa hivi, si baada ya chai."

*

Injinia Ambakisye alikuja na chai yake mkononi. Ni mkuu wa kituo sasa, ana kitambi na tai, lakini nilimjua akiwa fundi mdogo anayechanganya mabolti, na yeye anajua kwamba najua.

"Mama, umeanza lini tena kazi?" aliniuliza akicheka.

"Bomba zako hazina moli, Ambakisye."

Kicheko kilipungua ila hakikuisha. "Bomba mia sita na arobaini, Mama. Jicho limepima kila moja. Jicho lako."

"Lipime tena nione."

Huwezi kumkatalia mtu aliyevaa nyeupe siku ya ufunguzi. Walileta kifaa, kikubwa kiasi cha pasi ya kunyooshea nguo, na tukaenda wote watatu hadi bomba la kwanza, lile lililoachwa wazi bila sufi ya kuzuia joto ili nije niweke kiganja. Jicho halikwaruzi chuma. Linapiga mwanga usioonekana juu ya ngozi ya bomba, linasoma kinachorudi, basi. Zamani, mashine ilipokuwa nami, tulikuwa tunasaga kila bomba na kutazama cheche. Baadaye wakubwa wakaona kusaga kunachelewesha. Wakalinganisha mwanga wao na majibu yangu ya miezi saba, yakakubaliana, wakaliacha jiwe.

Ambakisye aliligusisha Jicho kwenye bomba. Kioo kikaandika: Molibdeni 1.04. Limepita.

Akasogea hatua tatu. 0.98. Limepita. Akasogea tena. 1.01. Alinigeukia na uso wa mtu anayetaka kumfariji mama yake bila kumwambia amezeeka.

Niliweka kiganja juu ya bomba, kama ambavyo ningekuja kukiweka saa nne mbele ya watu. Nilipokiondoa kilikuwa cheusi.

Nikanusa. Nikasugua kwa kidole gumba, ikateleza, laini kuliko mafuta ya kawaida, na ikaacha mng'ao wa kijivu. Kila fundi anaijua grisi hiyo. Kwenye maghala wanapaka bomba zote safu nyembamba ili zisishike kutu na zisikwaruzane zikipangwa. Ni nyeusi kwa sababu imejaa unga wa molibdeni.

Nilichukua pindo la gauni langu jeupe, nikafuta bomba mpaka chuma kikatoa sura yake. Lugano akasema, "Mama, gauni." Nikaendelea kufuta.

"Pima hapo," nikamwambia Ambakisye.

Akapima. Kioo kikafikiri kidogo. Molibdeni 0.00. Halijapita.

Akaiweka chai yake chini, kwenye udongo. Akapima tena, na tena, na mara zote sufuri. Nilitegemea nitafurahi. Mtu akisema jambo, wakamcheka, kisha ikawa kweli, huwa kuna utamu wake. Nilisubiri utamu huo na haukuja, kwa sababu tayari nilikuwa nimekumbuka kitambaa.

*

Tulikaa ofisini kwake, watatu, mlango umefungwa. Nje walikuwa wanajaribu vipaza sauti.

"Chuma cha kawaida kwenye mvuke wa nyuzi mia tano na sitini," alisema Ambakisye. Alikuwa anajisemea mwenyewe. "Leo kisingefanya kitu."

"Leo wala mwezi ujao," nikasema. "Kingelegea tu. Kingevutika kidogo kidogo kama mpira wa kaptula, huku mnapita pembeni mnasalimiana. Moli ndiyo inayokishika kisivutike, sehemu moja tu kati ya mia. Bila hiyo ungepata miaka sita, labda saba. Halafu siku moja zamu ya asubuhi isingerudi nyumbani."

"Ghalani kwa muuzaji wamechanganya marundo mawili."

"Wamechanganya. Watu huchanganya. Jicho ndilo lilitakiwa kuwaona."

Lugano aliuliza swali nililokuwa naliogopa. "Sasa, Mama, kwa nini lisione? Wewe ungeona."

Niliwaeleza. Katika miezi yote saba, kabla ya kusaga bomba, nilikuwa nalifuta. Kitambaa kilikuwa mkono wa kushoto, kimefungwa kidoleni, na nilifuta huku naongea na watu, huku natafuta miwani. Mashine ilikuwa imevaa macho yangu na macho yangu hayakuwa yanatazama mkono wa kushoto. Hakuna aliyeniuliza habari ya kitambaa. Mimi nami sikusema, maana nani anasema mambo kama hayo? Ukimfundisha mtu kupika ugali humwambii aoshe sufuria. Kwa hiyo Jicho lilijifunza kwa bomba safi, na likaenda kupima bomba zisizofutwa kwa miaka kumi na moja, na kila lilipokutana na grisi likaitikia kwamba moli imo.

Ambakisye alisimama, akatembea hadi dirishani, akarudi. Nilimwona anahesabu kichwani, na nilijua anahesabu nini.

"Mama, nisikilize mpaka mwisho," alisema. "Msajili anaingia hewani saa nne. Tutamwambia muuzaji ametudanganya. Amepaka grisi makusudi ili Jicho lisione. Hilo ni kosa la muuzaji, sheria inalijua. Laini hii inafungwa leo, bomba zote zinang'olewa, hakuna anayekufa. Jicho linabaki salama. Na wewe unabaki salama."

"Na vituo tisa?"

"Vinafanya kazi."

"Vimepimwa na Jicho hilohilo, Ambakisye. Grisi hii imeanza kutumika lini?"

Lugano ndiye aliyejibu, taratibu. "Nilipoanza kazi niliikuta. Mwaka wa saba huu."

"Ukisema ni muuzaji, nitakwenda vituoni kimyakimya," Ambakisye alisema. "Nitawaambia wafute. Mmoja mmoja. Itachukua mwaka, lakini nitafika. Ukisema ni Jicho, sheria inalipofusha kila mahali dakika hiyohiyo, hata kwenye bomba lililofutwa. Vituo tisa vinazimika. Juni hii, Mama. Watu wanapika kwa mvuke, wanaoga kwa mvuke, vifaranga na miche viko kwenye mvuke. Na wewe..."

"Malizia."

"Kubakiza ujuzi ni miaka saba jela."

Nilijua. Niliisaini sheria hiyo kwa mkono wangu, na wakati ule niliiona ya haki, kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wanaficha nusu ya ujuzi ili waendelee kuhitajika. Nina miaka sitini na moja. Magoti yangu hayapendi sakafu ya saruji. Nitasema ukweli: niliogopa, na kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai nililipenda wazo la Ambakisye kwa moyo wote. Halikuwa wazo la mtu mbaya. Alikuwa ananitafutia mlango.

Lakini nilimfikiria yule mwenye ghala, ambaye alichanganya marundo mawili tu, akiamka kesho anaitwa mwizi. Na nilifikiri juu ya mwaka mmoja. Bomba lililokwisha kuvutika miaka sita halina mwaka wa kutupa.

"Nipe maji ya kunawa," nikamwambia. "Mkono huu ni mchafu na watu wameshakuja."

*

Msajili wa Amana, Bwana Kihwele, alionekana kwenye kioo kikubwa juu ya jukwaa, amevaa koti lake la kazi, karatasi mbele yake. Watu walikuwa wamejaa turubai. Waliona gauni langu lenye pindo jeusi, wakaanza kunong'ona.

"Bi Tusekile Mwasambili," alisema. "Jicho lililopima laini hii ni la nani?"

"Jicho ni langu."

Alisubiri neno la nne. Sikulisema. Alisubiri tena, akainua macho kutoka kwenye karatasi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia.

"Bi Tusekile?"

"Jicho ni langu, na halijakamilika. Bomba hizi hazina molibdeni. Jicho linaona grisi iliyopakwa juu, linadhani ni chuma. Mimi nilikuwa nafuta bomba kabla ya kusoma, na sikuifundisha mashine kufuta. Popote palipopimwa na Jicho, hapajapimwa."

Pale turubaini utepe ulikuwa unapigwa na upepo.

"Unasema ulibakiza ujuzi," alisema Msajili.

"Nilisahau."

"Sheria haina neno kusahau."

"Basi andika nilibakiza."

Aliandika. Nilimwona akiandika polepole, kama mtu anayetarajia kuzuiwa. Kisha akabonyeza kitu pembeni, na hapo Ntulanga taa za jukwaa zikafifia, zikabadilika kuwa za betri. Taa zetu tulikuwa tunazipata kutoka kituo cha Ikubo, na Ikubo kilikuwa kimezima. Simu zikaanza kulia mifukoni mwa watu, kila pembe. Mwanamume mmoja mwenye shamba la vifaranga alisimama mstari wa mbele. "Mama, umetuzimia nchi kwa ajili ya tambara?"

"Ndiyo, baba," nikamjibu. "Kwa ajili ya tambara."

Msajili alikuwa anasoma kioo kingine kando yake. "Bomba zilizo kwenye vituo vyote ni elfu kumi na nne mia mbili na kumi na mbili," alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua urasimu. "Jicho limepofushwa. Nani mwingine anasoma cheche?"

Hakuna aliyesema. Tulikuwa tumeipangilia nchi ili jibu liwe hilo.

"Mimi," nikasema. "Na nitakaowafundisha. Nipeni watu thelathini wanaojua kushika grainda. Siku arobaini."

"Kufundisha ujuzi ulioko amana ni kosa la pili, Bi Tusekile."

"Liongeze juu ya lile la kwanza. Nitakuja kuyakaa yote mawili nikimaliza. Sitakimbia, magoti hayaniruhusu."

Ambakisye, aliyekuwa nyuma yangu, alisogea akasimama bega kwa bega nami, na tai yake. Lugano akapanda jukwaani na grainda yake mkononi. Hakuwa ameambiwa apande.

"Utafuatana na polisi," alisema Msajili hatimaye.

"Afadhali. Tutahitaji mtu wa kushika waya wa grainda."

*

Sajenti Nyamizi alishika waya. Siku mbili za kwanza alikuwa anaushika kwa ncha za vidole, kulinda hadhi ya sare. Siku ya tatu, tulipofika Ikubo, alikuwa ameuzungusha begani kama fundi na anatuambia tusiukanyage.

Ikubo ni kituo cha zamani kuliko vyote. Laini ilikuwa imepoa, wametoa sufi, bomba ziko wazi kwa mara ya kwanza tangu zibadilishwe miaka sita iliyopita. Nilikuwa nimewapa watu wangu siku mbili za darasa pale Ntulanga, kwa vipande vya chuma ninachokijua, na wote thelathini walikuwa wameapa kwamba wanaona mkuki. Nusu yao walikuwa wanaona kwa sababu nilisema upo. Kwa hiyo nikabadilisha utaratibu. Nilisimama nikiwapa mgongo, uso ukutani, na Lugano akasoma mwenyewe.

"La kwanza," alisema, na grainda ikalia. "Mkuki."

Nikageuka kulihakiki. Alikuwa sawa. Nikageukia ukuta tena.

La pili, mkuki. La tatu, la nne. Tulifika la kumi na sita, yote mazima, na nilianza kuingiwa na wazo baya, kwamba labda yote yalikuwa mazima. Labda nilizima vituo tisa na vifaranga elfu ishirini vikafa kwa marundo mawili tu ya bomba za Ntulanga yaliyochanganyika. Asubuhi ile redio ilikuwa imenitaja, na si kwa uzuri. Ile shule iliyokuwa na wimbo ilikuwa imeuacha. Niliumia, kama nilivyojua nitaumia.

Grainda ililia kwenye la kumi na saba. Ikanyamaza. Ikalia tena, kwa muda mrefu zaidi.

"Mama," alisema Lugano. "Usigeuke kwanza. Nataka niseme mwenyewe."

"Sema."

"Nyota tupu."

Nikageuka. Akagusisha jiwe mara ya tatu ili nione, na cheche zikapasuka nyeupe, nyota juu ya nyota, miaka sita ya mvuke wa nyuzi mia tano na sitini imepita humo ndani. Tulileta kipimo cha unene, tukalizungushia bomba. Lilikuwa limevimba. Katikati yake, kimo cha kifua, lilikuwa limevimba kwa unene wa njiti tatu za kiberiti, na pale palipovimba zaidi rangi ya chuma ilikuwa na mistari myembamba kama ya ngozi ya kisigino. Nilimpigia Ambakisye simu, nikamsomea kipimo. Akauliza lingeishi siku ngapi.

"Siku, wiki," nikamwambia. "Sijui. Si mwaka."

Ukutani, mbele ya bomba lile, palikuwa na ubao wenye misumari, na kwenye misumari palining'inia vikombe. Zamu ilikuwa inanywea chai hapo kwa sababu pana joto. Msimamizi wa zamu alikuja, akatazama kipimo, akaniuliza mara mbili kama lingepasuka, nikamjibu mara mbili. Akaanza kuvitoa vikombe ukutani, kimoja kimoja, akivibeba kifuani. Vilikuwa kumi na moja na kila kimoja kilikuwa kimeandikwa jina.

Miaka saba nitaikaa. Nilimwambia Sajenti avute waya, na Lugano awashe.